Kuni za Mjane wa Sarepta

Somo: 1 Wafalme 17:8–16



Habari ya Eliya na mjane wa Sarepta tumeihubiri mara nyingi hapa Nyegezi, na kila mara tumesema juu ya unga na mafuta. Leo tuangalie jambo dogo ambalo huenda tumelipita. Nabii alipofika penye lango la mji, alimkuta yule mama anafanya nini? Alimkuta anaokota kuni. Wala hakuwa akitafuta mzigo mzima, bali kuni mbili tu, za kupikia chakula cha mwisho, yeye na mwanawe, kisha wakingoje kifo.

Twajua yaliyofuata. Unga ulidumu katika pipa na mafuta yakadumu katika chupa siku zote za ukame. Lakini hatusomi popote kwamba kuni nazo zilijiongeza. Unga ule haukuliwa mbichi. Kila siku palitakiwa moto, moto ulitaka kuni, na kila ukuni ulitaka mkono wa mtu wa kuuokota. Unga aliutoa Mungu. Kuni aliwaachia watu. Eliya alikaa katika chumba cha juu cha nyumba ile. Maandiko hayasemi kama alimsaidia yule mama kuokota. Lakini na tujiulize: tungekuwa sisi, tungekaa juu tukingoja kuitwa kula?

Twauliza hivi kwa sababu jambo lenyewe limetupata. Wakati wa masika iliyopita, kila Jumapili tukienda kanisani tulipita mbele ya nyumba ya mama mmoja mjane. Ua wake wa miti ulikuwa ukipungua. Juma hili ulipungua upande wa barabara, juma la pili upande wa jikoni. Tulidhani ni mchwa. Wengine wetu tulinung'unika kwamba vijana wa siku hizi hawawajengei mama zao. Ndipo Jumapili moja mvua ikatulazimisha kujikinga kwake, naye kwa ukarimu akasema lazima tunywe chai. Tukamwona kwa macho yetu aking'oa mti wa ua, akauvunja, akautia mafigani. Alikuwa akichoma ua wake mwenyewe. Magoti yake hayakumruhusu tena kupanda vilimani kutafuta kuni, na kuni za kununua zilikuwa zimelowa na bei yake imepanda. Wapendwa, chai ile ilitushinda kumeza.

Maana nyumbani kwetu kuni zilikuwako. Tulipokwenda kumchukulia, tuliondoa safu za juu, na safu za chini tukazikuta zimeliwa na mchwa, zimebaki maganda na udongo. Wazee husema akiba haiozi. Yetu ilioza. Tulikuwa tumewatunzia mchwa kuni ambazo zingempikia mama yule muda mrefu.

Basi, kwa kuwa mvua za vuli zimekaribia, tukumbushane mambo matatu.

Kwanza, kuni huandaliwa wakati wa jua. Toka Juni hata Septemba jua la kwetu hukausha bure. Ukikata mkaratusi, ukate vipande vya urefu wa kama dhiraa moja, uvichanje vingali vibichi, kwa maana vikikauka huwa vigumu na hulishinda shoka. Gogo zima huficha maji ndani kwa miezi mingi, lakini lililochanjwa hukauka upesi, kwa sababu maji yamepata njia ya kutoka. Gogo bishi tusishindane nalo kwa nguvu. Tutie kabari penye ufa, tugonge taratibu. Na kabla ya yote tutazame kama shoka limekaza katika mpini. Torati yenyewe (Kumbukumbu la Torati 19:5) yataja shoka lililochomoka na kumwua jirani wakati wa kukata miti. Watoto wasimame mbali.

Pili, kuni zahitaji kuhifadhiwa. Hapa kwetu hatukosi mawe. Tupange kuni juu ya mawe, zisiguse udongo. Tuache nafasi upepo wa ziwa upite katikati. Juu tufunike kwa bati, lakini pande tusizizibe, zisije zikaota ukungu. Za zamani zitumike kwanza, na za kupikia kesho ziwekwe uchagani juu ya moto. Tena tutazame kabla ya kutia mkono, maana kule Melita nyoka alitoka katika kuni za Paulo (Matendo 28:3). Na tuangalie vema: mtume mwenyewe ndiye aliyekuwa ameziokota! Ametujibia lile swali la Eliya. Basi wanaume na vijana tusiseme kwamba kuni ni kazi ya akina mama na mabinti.

Tusidhani kuni kavu ni anasa. Kuni mbichi hutoa moshi, na moshi huua. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 3.2 walikufa kwa sababu ya hewa chafu ya majumbani, itokanayo na namna ya kupika. Anayeuvuta zaidi ni mama aliye jikoni, na mtoto aliye mgongoni mwake.

Tatu, tukumbuke kwamba kuni si zetu peke yetu. Ni za jirani leo, na za watoto wetu kesho. Katika nchi ya Usukuma miti mingi ilikatwa zamani ili kufukuza mbung'o na kupata mashamba ya pamba. Tena sangara walipoongezeka ziwani katika miaka ya 1980, kuni nyingi zilitakiwa kuwabanika, kwa kuwa wana mafuta na hawakauki juani kama dagaa. Lakini wazee wa Kisukuma walijua kutenga ngitili, na mradi wa HASHI ulioanza mwaka 1986 huko Shinyanga ulionyesha kwamba ardhi ikilindwa miti hurudi. Kwa hiyo akataye mti na apande. Mwaka 2024 Serikali ilizindua mkakati kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wakipika kwa nishati safi. Twamshukuru Mungu. Lakini mjane aliyeshindwa kununua kuni, mtungi wa gesi ataujazaje, tusipomshika mkono?

Sisi tukaao ufuoni tuna neno moja zaidi la kutuonya. Katika Yohana 21 wanafunzi walivua usiku kucha, na waliposhuka pwani asubuhi wakakuta moto wa makaa umekwisha kuwashwa, samaki wako juu yake, na mkate. Ni nani aliyewaandalia? Ni Bwana mwenyewe, aliyekwisha kufufuka katika wafu. Hakuona haya kuandaa moto wa jikoni kwa ajili ya watu waliochoka na wenye baridi. Tena hakungoja waombe.

Mama yule naye hakuomba. Ua wake ndio uliosema, nasi tulipita majuma mengi tukiutazama bila kuusikia. Kwa hiyo kila nyumba na ilete tita moja la kuni kavu kabla ya mvua kuanza, na wenye mashoka wajitoe Jumamosi moja kumchanjia na kumpangia juu ya mawe. Ua wake tutaujenga upya. Kisha tukirudi makwetu, kila mmoja atazame njiani: ni ua wa nani mwingine unaopungua?

Bwana atupe macho ya kuona na mikono ya kuokota. Amina.