Shuka na Gia

Unafika juu ya mlima Kitonga ukitokea Iringa. Semi imeshiba mzigo, mbele yako barabara inajikunja kuteremka kuelekea Ruaha Mbuyuni. Hapo ndipo mkono wa madereva wengi unapokimbilia nyutro. Gari linateleza lenyewe, injini inanguruma kwa chini, na mtu anajiona ameokota lita kadhaa za bure. Dereva mwenzangu, hili lisikie kwa masikio yote mawili: hujaokoa hata tone. Umeongeza matumizi, na roho yako umeiweka rehani.

Injini ya dizeli haina plagi za kuwashia. Hewa inabanwa ndani ya silinda mpaka inapata joto la kuyawasha mafuta yanayorushwa na nozeli, na mguu wako ndio unaoamuru yarushwe kiasi gani. Ukiwa mteremkoni, gia imeingia na mguu umeutoa kwenye mafuta, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, na mafuta yanakatwa. Sifuri! Unashuka bure, na injini hiyohiyo inakushikia gari. Ukitoa gia, injini inabaki haina wa kuizungusha, kwa hiyo ni lazima ichome mafuta ili isizimike. Uzito wote umeziachia breki. Zinapata moto, zinanuka, na kona inapokuja unakanyaga hakuna kitu. Milima kama Kitonga na Iwambi imeshaona magari ya kutosha yaliyokosa breki.

Basi shuka na gia. Ile uliyopandia ndiyo ya kushukia, na kama mzigo ni mzito zaidi, punguza nyingine moja na uiite breki ya injini ikusaidie.

Ukishaielewa siri ya mteremko, ichukue uende nayo tambarare. Bango la matuta unaliona mita mia tatu kabla hujafika. Mwenye pupa anakanyaga mpaka mlangoni pa tuta, anafunga breki, upepo unapiga mluzi, mzigo unaruka nyuma, kisha anaanza upya: gia ya pili, ya tatu, ya nne, huku moshi mweusi ukiwafunika wauza mahindi ya kuchoma pembeni. Wewe ondoa mguu mapema, bango linapoonekana tu. Gari litajishusha lenyewe ndani ya gia, bila kula kitu. Ule mwendo uliouua kwa breki ulikuwa umeulipia kituo cha mafuta. Na moshi ule mweusi ni dizeli yako inayotoka haijaungua vizuri. Ukiuona kila unapokanyaga, kafungue chujio la hewa ulitazame, kisha kapimishe nozeli.

Mwendo nao tuseme ukweli. Ukitoka 80 kwenda 100 kwa saa, nguvu ya upepo unaokusukuma kifuani inaongezeka kwa zaidi ya nusu, na anayepambana nao ni dizeli peke yake. Turubai lililolegea linazidisha vita hivyo. Zunguka gari alfajiri kabla hujawasha: kaza kamba, pima upepo wa matairi yakiwa bado ya baridi, tena kwa kipimo. Kuyapiga teke hakukuambii kitu.

Foleni ya mpakani Tunduma inaweza kukuweka hapo nusu siku. Gari kubwa likiunguruma limesimama linaweza kula lita mbili hadi tatu kwa saa, na halijakusogeza hata hatua. Zima! Kama umetoka kupanda mlima, liache liungurume dakika chache turbo ipoe, halafu zima ukanywe chai.

Na wewe tajiri mwenye gari, nina neno na wewe. Dereva anayekurudishia lita arobaini kwenye tangi amekufanyia kazi kubwa. Mgawie. Ukizichukua zote na kesho yake ukampunguzia mafuta ya safari, umemfundisha kutojali, na mpira wa kunyonyea mafuta utarudi chini ya kiti. Wapo matajiri wanaolalamika kuibiwa ambao hawajawahi kumlipa mtu hata shilingi kwa uaminifu wake.

Bei ya mafuta haiko mikononi mwetu. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, nasi tunaipokea. Lakini lita ngapi zitaungua kati ya Dar es Salaam na Tunduma, hilo unaliamua wewe. Safari hiyo inapita kilomita 900. Gari linalokwenda kilomita mbili kwa lita linameza lita 450 kwa hizo 900. Lifikishe 2.2 tu, zinashuka hadi kama 410. Lita arobaini kwa kwenda, na kurudi bado!

Usiniamini kwa maneno. Safari ijayo jaza tangi mpaka shingoni, andika kilomita kwenye daftari, endesha kama ulivyozoea, jaza tena shingoni, gawa kilomita kwa lita ulizoongeza. Safari inayofuata, njia ileile na mzigo uleule, shuka na gia, acha mguu mapema kwenye matuta, zima kwenye foleni. Gawa tena. Weka namba zote mbili ukurasa mmoja, mwite utingo wako azione, maana kesho usukani huo ni wake.