Je, Ni Haki Daktari Kugoma?

Wasomaji wetu, sote twaijua habari ya Msamaria mwema. Lakini mara nyingi twamsahau mtu mmoja katika habari hiyo, yaani mwenye nyumba ya wageni. Msamaria alimfunga majeruhi vidonda, kisha akampa mwenye nyumba dinari mbili, akaahidi kwamba akirudi atalipa na kilichozidi. Basi twauliza: kama asingalirudi, ingalikuwa haki kumtupa majeruhi njiani?

Swali hili si la zamani tu. Katika nchi ya Kenya, mwaka 2013, serikali ilipatana kwa maandiko na chama cha madaktari juu ya mishahara na hali ya kazi. Mapatano hayakutimizwa. Tarehe 5 Desemba 2016 madaktari wa hospitali za serikali waligoma, wala hawakukomesha mgomo hata tarehe 14 Machi 2017, siku 100. Wenye fedha walikwenda hospitali za kulipia. Maskini wengi walibaki nyumbani na wagonjwa wao.

Hatusemi kwamba daktari hana haki. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yampa kila mfanyakazi haki ya kugoma, nayo yakataza mtu ye yote kunyimwa matibabu ya dharura. Tena ahadi ni deni. Naye aahidiye asitimize ndiye wa kwanza kumwacha majeruhi njiani.

Lakini mgomo wa daktari haufanani na wa kiwandani. Mashine ikisimama leo, kesho yaweza kuzungushwa tena. Mama aliyeshikwa na uchungu usiku hawezi kungoja mapatano, naye hakuvunja ahadi yo yote. Kumfanya yeye kuwa fimbo ya kumpigia mwenye deni si haki.

Twaonaje basi? Njia nyingine zote zikifungwa, madaktari na wagome. Lakini watangaze mapema, na chumba cha wazazi na mlango wa walioumia usifungwe hata siku moja. Waache kazi iwezayo kungoja, wasiache pumzi ya mtu. Nao wenye mamlaka wasiifanye huruma hiyo kuwa sababu ya kukawia, maana mlango ukibaki wazi, deni nalo limebaki. Na sisi wa vijijini, tukidai daktari asiondoke, yatupasa kudai kwa sauti ile ile kwamba alipwe. Msamaria alitenda yote mawili.