Kidhibiti cha Mashua na Swali la Kusudi

Katika mashua ya dizeli-umeme, injini haiungwi na propela. Injini huzungusha jenereta, jenereta hulisha mota, na mota ndiyo inayosukuma chombo. Vandal, meli ya mafuta iliyoanza kazi kwenye mito ya Urusi mwaka 1903, iliundwa hivyo kwa kuwa injini za dizeli za zama hizo hazikuweza kuzunguka kinyume; kazi ya kurudi nyuma ilibebwa na umeme. Kati ya mkono wa nahodha na mota hukaa kidhibiti. Fundi anayekiunda mwenyewe nyumbani hulikuta humo swali la zamani la wanafalsafa: je, kifaa kinaweza kukusudia jambo?

Nguvu inayotakiwa na propela hupanda kwa kipeo cha tatu cha mizunguko yake. Mizunguko ikipungua nusu, hitaji hushuka hadi karibu moja ya nane. Kwa hiyo wenzo wa mwendo ukisukumwa ghafla, mota huweza kudai kuliko jenereta inavyotoa, na injini ikazimika. Kidhibiti hupima mizunguko ya injini, hukilinganisha kipimo na kiwango kilichowekwa, kisha hupunguza umeme wa mota mpaka injini irudi kwenye mwendo wake. Mota ya kilowati 10 kwenye volti 48 hula zaidi ya ampea 200, na kipimo cha umeme huo kikichelewa kidogo tu, transista za kidhibiti huweza kuungua.

Mwaka 1943 watafiti Arturo Rosenblueth, Norbert Wiener na Julian Bigelow walidai kwamba mwenendo wenye kusudi ni ule unaoongozwa na tofauti iliyobaki kati ya hali iliyopo na lengo. Kwa kigezo hicho kidhibiti kina kusudi. Mwanafalsafa Hans Jonas alikataa: kutumikia kusudi si kuwa nalo. Hoja ya Jonas ndiyo yenye uzito. Mnyama anayetafuta maji akiyakosa hufa. Injini ikizimika, kidhibiti hakipotezi kitu. Na kile kiwango kinacholindwa kwa bidii ni namba tu iliyoandikwa na fundi, pengine usiku, pengine kwa kukisia.

Kusudi basi ni la fundi, na jambo hilo lina gharama. Waya wa wenzo ukikatika, mota isimame au ifuate amri ya mwisho? Bandarini, penye waogeleaji, kusimama ndiko salama. Penye mkondo unaovuta chombo kwenye mwamba, kusimama ndiko kuangamia. Programu haiuoni mwamba. Mafundi wengi huchagua mota isimame, kwa kuwa mwendo usio na mwenye kuuamuru unatisha zaidi. Ni chaguo zuri, ila ni hukumu ya maadili iliyovaa nguo za ufundi. Kikomo cha joto nacho ni vivyo hivyo: kukizima kidhibiti ili kisiungue ni kuyatanguliza maisha ya transista mbele ya chombo, isipokuwa fundi ameweka swichi ya dharura inayomruhusu nahodha akiunguze kidhibiti ili aokoe watu.

Aristotle, alipochunguza matendo ya hiari, alitoa mfano wa watu wanaotupa shehena baharini wakati wa dhoruba: hakuna anayetaka kuitupa, lakini mwenye akili hufanya hivyo saa hiyo. Maneno muhimu hapo ni “saa hiyo”. Fundi huamua kabla, mezani, akiwa ametulia, kwa niaba ya nahodha ambaye huenda hatamjua kamwe. Kidhibiti cha kiwandani hugawanya dhamana hiyo kati ya mbunifu, mkaguzi na muuzaji; cha nyumbani huiacha yote kwa mtu mmoja. Mashua ikiuzwa, mnunuzi hurithi pia maamuzi asiyoyaona. Kwa sababu hiyo karatasi iliyobandikwa karibu na usukani, inayoeleza mota itafanya nini ishara ikikatika, joto likizidi au injini ikizidiwa, ni sehemu ya kidhibiti kama zilivyo waya zake.