Baraka ya Siku ya Tano

Siku ya tano ya uumbaji, kabla ya Adamu, Mungu aliwabariki samaki wazae na kuyajaza maji. Binadamu alipewa baraka hiyo kesho yake. Nimefundisha sura ile ya Mwanzo kwa wakatekumeni wa Butembo miaka mingi, na tangu nianze kufuga tilapia bondeni swali moja halinipi usingizi: mimi niliyebarikiwa nyuma ya samaki, nina haki gani juu ya uzazi wake?

Tilapia wetu ni wa ziwa Edouard, maji ya Kyavinyonge yaliyo kwenye mita 900 na kidogo. Tumempandisha hadi Butembo, zaidi ya mita 1,700, penye baridi. Maji yakishuka chini ya nyuzi 20 uzazi unasimama. Penye joto dume huchimba shimo la duara topeni kwa kinywa, hulilinda na kuwafukuza wenzake. Jike akitaga humo, dume humwaga mbegu, kisha jike huyaokota mayai akayaatamia kinywani. Huko Beni, kwenye joto, shida ni kinyume: wanazaa mno, bwawa linajaa visamaki vya kidole ambavyo havikui.

Kwa hiyo wafugaji wanataka madume matupu. Njia ya kwanza ni mkono. Unamgeuza samaki tumbo juu, unapangusa utelezi, unatazama nyuma ya tundu la haja: dume ana kichuchu chenye tundu moja, jike ana mawili. Kazi hiyo inaumiza macho. Njia ya pili ni dawa. Vifaranga hulishwa homoni ya kiume, methiltestosteroni, wiki tatu hadi nne, na aliyeumbwa jike anakuwa dume. Anazalisha kama madume wengine, ila akikutana na jike wa kawaida watoto hutoka karibu wote majike, maana hana urithi wa kiume wa kuwapa.

Mama mmoja mjane, jirani yangu wa bondeni, aliposikia siipendi dawa hiyo, aliniuliza: "Papa katekista, mbuzi tunawahasi kila siku, mbona hujawahi kuhubiri?" Aliniuliza vizuri, na yeye ana wajukuu wa kulisha. Nikamjibu kwamba mbuzi aliyehasiwa anabaki zizini kwa mwenyewe, habari yake inaishia hapo. Maji hayakai. Tena nchi yetu iko mgongoni: mito mingine inashukia Edouard na Semliki hadi Nile, mingine inaingia msituni kuelekea mto Kongo. Samaki akitoroka mvua kubwa ikinyesha, anakwenda kuzaa katika maji ambayo si ya kwao. Huko Uingereza, mwaka 1998, watafiti walieleza habari za samaki madume wa mitoni, chini ya mitambo ya majitaka, waliokutwa na mayai ndani ya korodani. Hakuna aliyekusudia hivyo; maji ndiyo yaliyobeba kilichowabadilisha.

Basi nasema wazi. Kutenga madume kwa mkono ni uchungaji, na mwenye watoto wanaovimba miguu kwa utapiamlo afuge, tena afuge sana. Kulisha homoni halafu kuachia maji yaende kijitoni ni kunyang'anya: unamnyang'anya samaki wa mtoni, na jirani anayechota huko chini.

Ndugu mfugaji, ukinunua vifaranga, muulize muuzaji walilishwa nini. Funga wavu mdogo kwenye mfereji wa kutolea maji, uukague kabla ya kila mvua.