Sufu Inyofolewayo kwa Mkono

Huulizwa: kumnyofoa kondoo sufu yake naye yu hai, je, si kumwadhibu? Jueni, ndugu zetu, kwamba jambo hili lataka kupambanuliwa. Katika visiwa vya Shetland, kaskazini ya Scotland, wako kondoo wa asili ambao, baridi ikisha kupita, sufu yao kuukuu hulegea yenyewe, na mpya huota chini yake. Wenyeji humshika mnyama, wakaivuta kidogo kidogo kwa vidole, ikaja kama zijavyo nywele katika kitana, pasi na jeraha wala damu.

Lakini hawaivi wote siku moja. Hata katika kondoo mmoja huenda shingo imelegea na ubavu bado. Hapa ndipo penye mtihani. Mwenye haraka huvuta ubavu vile vile, na mnyama hana ulimi wa kushitaki. Mafakihi wetu wa Kishafii wamesema sufu ya kondoo aliye hai ni twahara, ikatwe au inyofolewe. Bali utwahara wa kitu hauhalalishi maumivu yaliyokitoa. Mambo mawili haya watu huyachanganya sana.

Ama kondoo wa merino, wanadamu walimchagulia mbegu hata akawa hajivui tena. Akiachwa, sufu humlemea na joto humdhuru. Huyo kukatwa kwa makasi ni haki yake juu yetu, maana sisi ndio tuliomvika. Yule wa Shetland achukuliwe ya shingo, kisha afunguliwe, ubavu urudiwe siku nyingine.