Nyumba Iliyofagiliwa na Shamba Lililopaliliwa

Neno: Mathayo 12:43-45



Katika neno hili Bwana wetu asimulia habari za nyumba iliyosafishwa vizuri, ila haina mwenyeji. Yule mchafu aliyefukuzwa arudi kuitazama, aiona tupu, naye aleta wenziwe saba wabaya kuliko yeye. Neno hili tumelihubiri miaka mingi pasipo kulielewa, hata kiduha kilipotufundisha.

Wakulima wa mahindi na mtama wakijua kiduha. Wajaluo hukiita kayongo. Ua lake la zambarau ni zuri, hata mtoto angependa kulichuma ampelekee mama yake. Lakini ua lile ni mwisho wa habari, si mwanzo. Mbegu yake, ndogo kama vumbi, hulala udongoni, na yaweza kulala miaka 10 na zaidi, mpaka mzizi wa hindi upite karibu. Hapo huamka, hujishikiza mzizini, hunyonya. Shina lake lijapo kutokea juu, mahindi yamekwisha kudhoofika. Na mche mmoja ukiachwa uzae, waweza kumwaga mbegu 50,000 au zaidi. Tumewasikia wengine, hata waliobatizwa, wakinong'ona ya kwamba jirani amewaroga. Ndugu, mchawi hana kazi hapa.

Nasi tulifanya nini? Tuling'oa. Kila mwaka tuling'oa katika kishamba kilicho nyuma ya nyumba yetu, tukakiacha safi kama sakafu. Na kila mwaka kiduha kilirudi, kingi kuliko kwanza. Kung'oa si kosa. Ng'oeni kabla hakijachanua, mkichome moto. Lakini shamba tupu lamngoja adui wake.

Katika miaka ya 1990 wataalamu wa ICIPE, kituo cha elimu ya wadudu, walikuwa Mbita, kando ya Ziwa Viktoria katika Kenya, pamoja na wenzao wa Rothamsted wa Uingereza. Walikuwa wakitafuta njia ya kuwapunguza funza watoboao mabua ya mahindi. Walipanda kati ya mistari jani litambaalo, liitwalo desmodiamu, ili nondo wasipende kukaa humo. Na kuzunguka shamba wakapanda mabingobingo, ambayo nondo huyapenda na kutaga mayai kwayo, lakini funza wengi hufa humo. Njia hii huitwa sukuma-vuta. Basi wakaona jambo wasilolitazamia: palipo na desmodiamu, kiduha kilipungua sana. Mizizi yake huamsha mbegu za kiduha, tena huzizuia zisishike mzizi wa hindi. Nazo zikiisha kuamka bila chakula, hufa. Jani hilo hilo hurutubisha udongo, na ng'ombe hulila kwa furaha. (Habari za majivu juu ya mboga, na maji ya mwarobaini, hatuziandiki, mama zetu wazijua kuliko sisi.)

Tazameni, adui hakushindwa kwa udongo mtupu, bali kwa mmea mwema uliowekwa mahali pake. Je, Paulo hakuwaandikia Warumi habari ii hii, ya kwamba ubaya hushindwa kwa wema?

Sasa tuseme neno lituumizalo. Katika usharika mmoja tuliotumikia palikuwa na ndugu mlevi. Wazee waliamua atengwe na Meza ya Bwana, nasi tukatia sahihi. Akaacha. Miezi mitatu hakuonekana penye pombe, nasi tukaandika daftarini kwamba ameacha, tukafurahi. Lakini zile saa za jioni, ambazo zamani alizipitisha na wenziwe akicheka, sasa alizipitisha peke yake mlangoni pake. Hakuna mzee aliyekwenda kuketi naye. Hakuna mwalimu aliyemwita katika kwaya, ingawa sauti yake nzito twaijua sote. Sisi tulipita njia ile mara nyingi, tukamwamkia, tukaenda zetu. Tulikuwa na haraka ya mkutano. Nyumba ilikuwa imefagiliwa, na sisi ndio tulioiacha tupu. Aliporudi kwenye pombe alirudi vibaya, hata akauza bati za nyumba yake. Wazee wakasema, "Tulijua." Nasi tulinyamaza, maana tuliona haya.

Kwa hiyo, walimu na wazee, mkiandika daftarini jina la mtu aliyeacha ulevi, au ugomvi, au uganga, andikeni kando yake jina la mtu atakayeketi naye jioni. Mkikosa jina la kuandika, kazi yenu haijaisha.

Ndugu yule yu hai. Jumatano iliyopita tulimpelekea vipando vya desmodiamu, kwa kuwa anaye ng'ombe mmoja, na shamba lake limejaa kiduha. Alitutazama kitambo asiseme neno. Kisha akaingia ndani, akatoka na kigoda cha pili.