Waacheni Watu wa Lamu na Ngome Yao

Wiki hii kijana mmoja, msomi tena, aliniudhi kwa neno alilolitupa barazani. "Ami, hivi si aibu watu kula biriani Ngomeni, mahali walipofungiwa binadamu? Pangefungwa pakabaki kumbukumbu." Wazee wakaendelea na dhumna yao kama hawakusikia. Mimi neno lile halijanitoka.

Ngome ya Lamu ilianza kujengwa mnamo 1813, baada ya vita vya Shela, ikakamilika 1821 kwa mkono wa Oman. Ilikusudiwa kuulinda mji. Mwaka 1910 Mwingereza akaigeuza jela. Uhuru ukaja, bendera ikabadilika, makomeo yakabaki yaleyale hadi 1984. Hiyo ni miaka 74, na wala si porini, bali Mkunguni, ubavuni mwa soko. Mama akitoka kununua samaki, kikapu mkononi, alipita chini ya kuta zile nene za matumbawe, na pengine aliyekuwa upande wa pili ni mtoto wa jirani yake. Hakuna aliyeweza kujifanya haoni.

Basi leo Makumbusho ya Kitaifa yameifungua, ndani mna maktaba na mikutano ya mji, nje chini ya miti watu wanacheza bao. Mtoto wa skuli anaingia na daftari lake kwa hiari yake, kisha anatoka atakapo. Wewe mwanangu unataka tuurudishie mji huu mlango uliofungwa? Mji umeshaonja vya kutosha.

Utaniambia machungu yatasahauliwa. Hapo una haki, ila umeshika dawa isiyo ya ugonjwa huo. Kumtajia mgeni mwaka jela ilipoanza na mwaka ilipokwisha hakutoshi. Hata mimi nachoka kusikia. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1984 sasa ameshapita 60. Waliofungwa na waliowafunga waulizwe wangalipo: walilala wangapi chumba kimoja, walikula nini, adhana na kelele za soko zikiwafikia walijisikiaje. Kinasa sauti na subira, basi. Na kikao hicho kifanyike humohumo Ngomeni, Alhamisi, na Ijumaa mjukuu wa mmoja wao aolewe katika ukumbi uleule. Aibu iko wapi?